Rozela za Ukutani

Jumamosi. Mvua imekatika saa tatu asubuhi na jua likatoka kwa nguvu, Makindye yote inanukia udongo uliolowa. Mgongo unaniuma, kucha zangu ni nyekundu kama za bibi harusi, na nimekunywa bilauri nne za maji mekundu mpaka tumbo linalia. Nina furaha. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu yanayofuata ni aibu yangu mwenyewe.

Leo nimemwomba mtu msamaha mbele ya uwanja mzima.

Wanaonijua watacheka. Mdomo wangu hauna breki na shingo yangu haipindi kirahisi. Mama yangu kule Voi husema nilizaliwa nikiwa tayari nimekasirika, na sijawahi kupata ushahidi wa kumpinga.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Mghoi, Mkenya, mwaka wa sita sasa hapa Kampala, nauza mapazia kwenye duka moja pale Nakivubo. Ninakaa kwenye nyumba za mstari, milango mitano, bomba moja katikati. Mwenye nyumba tunamwita Nalongo, maana amezaa mapacha, na hapa heshima hiyo huipata mtu akaitwa hivyo mpaka kufa. Anakaa nyumba kubwa ya mbele na anasikia kila kitu, hata usichokisema. Mlango wa kushoto kwangu ni wa Mama Neema, Mkongomani kutoka Uvira, anayetembeza vitenge ofisi kwa ofisi, ana watoto wawili.

Mama Neema alikuwa mtu wangu. Mwaka juzi malaria iliponilaza, yeye ndiye aliyefua shuka zangu na kunikoromea mpaka nikanywa uji. Mimi nilimshonea mapazia ya sebuleni kwa vipande vya dukani, akayaonyesha kila mgeni kana kwamba yametoka Paris. Jumapili tukirudi kanisani, yeye kwake na mimi kwangu, tulikuwa tunakutana kwenye ngazi yake kusema watu. Hayo yalikuwa maisha yetu.

Halafu nikapanda rozela.

Ilianza hivi. Kuna mama wa Kisudani anayeuza viungo karibu na duka letu, ana gunia la maua makavu mekundu anayoyaita karkade. Alinipa kikombe siku moja, kimechemshwa na tangawizi, baridi, kichachu, chenye rangi ya divai. Nilikwisha. Nikanunua mfuko, nikautumia mpaka chini, na chini kabisa nikakuta mbegu za kahawia zimejikusanya. Mtu mwingine angezitupa. Mimi niliomba ruhusa kwa Nalongo, na mvua za mwezi wa tatu zilipoanza nikazipanda kwenye ukuta wa nyuma, mahali palipokuwa na majani na viatu vya watu waliohama zamani. Moja iliyobaki nikaiweka kwenye jerikani lililokatwa, chini ya dirisha langu.

Zilitoka kumi na nane ukutani, na ile moja ya dirishani. Kwanza jani la mviringo, zito, la kawaida kabisa. Baadaye majani yakaanza kugawanyika kama vidole, na shina likawa jekundu kama limepakwa rangi. Niliwapigia watu wote simu. Nilikuwa nimeshajiona kwenye harusi za watu na madumu ya juisi, watu wananiuliza siri yangu ni nini na mimi najifanya sisikii.

Shida ni kwamba natoka nyumbani kabla watu hawajaamka na narudi giza likiingia. Rozela zangu nilikuwa naziona Jumapili tu. Jumapili moja ya mwezi wa tano nikaenda ukutani na kikombe changu cha chai, nikakuta vichwa vyote vimekatwa. Vyote kumi na nane. Kila shina limebaki kisiki, na majani mazuri ya juu hayapo. Ile ya dirishani tu ndiyo ilikuwa nzima.

Nilifura kama andazi. Kwanza nilishuku mbuzi, lakini mbuzi gani anakata kwa kisu? Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikakaa nyuma ya pazia langu kama askari. Alfajiri hiyohiyo akatokea Mama Neema na beseni na kisu kidogo, anaimba wimbo wa kanisani polepole, anachuma vile vichipukizi vilivyobaki.

Nilitoka nje. Wanawake walikuwa wameshafika bombani, watoto wanajiandaa kwenda shule, Nalongo yuko kwenye mlango wake na mswaki mdomoni. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Kumbe mwizi ni wewe."

Mama Neema aliweka beseni chini, akawashika watoto wake mikono, akaingia ndani. Nalongo akatoa mswaki mdomoni na kusema kwamba kwa nyumba yake hataki kerere, ndivyo anavyoita kelele, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote asikate kitu ukutani ila aliyepanda. Nikabaki na beseni la majani miguuni pangu, nikajiona nimeshinda.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Tangu hapo hatujasemezana. Tukikutana bombani tulikuwa tunatazama ndoo. Jumapili ngazi yake ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nakaa ndani nasikiliza redio ambayo hata siipendi. Nilijiambia sina kosa. Mtu amekata mali yangu bila kuniuliza, nilitaka nimwambie nini, hongera?

Sasa sikia mmea ulichofanya.

Visiki vile havikufa. Kila kimoja kilitoa tawi kulia, tawi kushoto, na kila tawi likatoa mengine, mpaka ukuta haukuonekana tena. Mwezi wa saba yakaja maua, rangi ya maziwa ya mtindi, moyo wake mwekundu wa giza. Yanafunguka asubuhi na ikifika mchana yameshajikunja. Ua likidondoka, kile kikombe kilicholishika kinaanza kuvimba na kuwa chekundu, kinene, cha kung'aa, na hicho ndicho watu wanachokausha na kuchemsha. Nilianza kuhesabu vikombe vya mti mmoja, nikafika sabini nikaacha.

Ile ya dirishani, niliyoilinda kama mboni ya jicho, niliyoizungushia waya ili mtu asiiguse? Imekwenda juu moja kwa moja kama mpini wa fagio, imepita dirisha, na ina vikombe tisa. Tisa.

Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni udongo.

Jumatano Nalongo alinisimamisha getini na kuniambia, kwa ile furaha ya mtu mwenye habari, kwamba rafiki yangu anahama. Amepata chumba Mbuya kwa mtu wa kanisani kwake, pikapu inakuja Jumamosi saa nane mchana. Nilisema sawa, aende salama. Nikaingia ndani nikasimama jikoni bila kuwasha taa. Sikuwa na njaa tena.

Alhamisi nikiwa dukani, kwa majivuno yangu yaleyale, nikamwonyesha mwenzangu Akello picha za ukuta. Akello ni Mwacholi wa Gulu, na kwao wana mboga ya majani makali inayoitwa malakwang, inayopikwa na karanga za kusaga, ndugu kabisa wa hii yangu. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza ni nani aliyenikatia vichwa. Nikamwambia ni jirani mwizi, tena nikaanza kusimulia kwa mbwembwe. Akanikatiza. Akasema mmea huu usipoukata kichwa ukiwa mdogo unapanda juu bure, na ukiukata unagawanyika. Mama yake alikuwa anafanya hivyohivyo, majani ya juu yanaingia chunguni na mti unabaki kuzaa. Aliyekata, akasema, anaijua kazi.

Nilikunja kitambaa kimoja mara nane. Mteja alikuwa ananisemesha na mimi simsikii.

Miezi mitatu mizima nimemnunia mtu aliyenilimia shamba.

Ijumaa nilikuwa mwoga, niandike ukweli. Nilifika mpaka mlangoni kwake jioni, nikasikia anawaambia watoto wafunge madaftari kwenye boksi, nikarudi kwangu kwa vidole vya miguu.

Leo niliomba tena ruhusa kazini, nikangoja mvua ikatike, nikabisha hodi. Alifungua Neema, mkubwa, wa darasa la sita, ambaye zamani alikuwa ananiita shangazi. Leo aliniamkia tu na kwenda kumwita mama yake. Ndani vitu vyote vilikuwa vimefungwa kwa vitenge, mafundo mafundo, magodoro yamekunjwa na kamba. Mama Neema akatoka chumbani na kilemba kichwani, akasimama. Hakunikaribisha kiti, na viti vyenyewe vilikuwa vimepandishwa juu ya meza.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Kwamba nimejua kuhusu vichwa, kwamba mti umezaa kwa sababu yake, kwamba nilimkosea. Nilidhani hapo ataguswa, tutalia kidogo, yataisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza jambo ambalo bado linanichoma ninapoandika.

"Nilikuletea ngai-ngai mara tatu," alisema. "Ulikula. Ulisema aksanti. Kwetu, mutu mwenye alipanda akikula, amekubali."

Ngai-ngai. Yale majani machachu yaliyopikwa na samaki mkavu na mawese, aliyokuwa ananiletea jioni kwenye bakuli lililofunikwa na sahani. Mwezi wa nne mara mbili, alipochuma majani ya chini tu na mimi sikuona pengo, na wa tano mara moja. Nilikula na ugali mpaka nikalamba vidole. Nilimwuliza hata anayanunua wapi, akacheka, na mimi nikadhani ananificha soko zuri. Kumbe alikuwa anafikiri namtania.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kwao mboga iliyo mlangoni kwa mtu ni yake, huigusi, ndiyo maana ile ya dirishani aliiacha. Iliyo kwenye ukuta wa wote huchumwa na anayepika, naye humpelekea aliyepanda sahani ya kwanza, kabla ya watoto wake mwenyewe. Sahani ndiyo hodi yake. Ukiirudisha imeliwa, umemfungulia. Na mimi nilikuwa nimemfungulia mara tatu na asante juu.

Kwetu unabisha hodi kwa mdomo. Sikujua kuna watu wanaobisha kwa samaki.

Nikasema basi nisamehe, sikujua. Akatikisa kichwa. Wala hakupandisha sauti.

"Ulinihita mwizi kule inje, mbele ya batoto yangu. Sasa unakuya kuomba musamaha huku ndani, mahali hakuna mutu?"

Nilimtazama Neema aliyesimama pembeni ya magodoro. Macho yake yalikuwa chini. Nilikumbuka kwamba siku ile alikuwa amevaa sare ya shule, na kwamba alitembea kwenda shule na neno langu, na akarudi nalo. Miezi mitatu amekaa uwanja ambao mama yake ameitwa mwizi, na hakuna mtu aliyelifuta.

Nikatoka.

Jumamosi ni siku ya kufua, kwa hiyo bombani walikuwepo wote, mabeseni na povu, na Nalongo kwenye kiti chake cha plastiki anachambua maharagwe. Nilisimama palepale niliposimama mwezi wa tano. Nikasema habari za asubuhi, na hiyo peke yake iliwashtua kwa sababu sikuwa nasalimia watu vizuri siku hizi.

"Mwezi wa tano nilimwita Mama Neema mwizi hapa," nilisema. "Nilikosea. Majani yale nilikula mimi, aliniletea yamepikwa, na nikalamba vidole. Na hayo maua mnayonisifia ni kazi ya mkono wake. Yeye si mwizi. Mimi ndiye niliyemwibia jina lake."

Maji yanamwagika bombani na hakuna anayefunga. Halafu mama wa mlango wa tano akaanza kucheka, hilo la vidole lilimshinda, na mwingine akamfuata, nikasikia joto limenipanda mpaka masikioni. Sikuwakataza. Nilistahili.

Nalongo aliweka ungo chini. Nilijua sasa naambiwa kuhusu kerere. Akasema amesikia, na kila mtu amesikia, na neno hilo asilisikie tena kwa nyumba yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwa muda mrefu, "Sasa hiyo jusi mimi mutanipatia rini?"

Mimi nilikuwa natazama mlango wa kushoto. Mama Neema alikuwa amesimama hapo na watoto wote wawili, Neema mbele. Amesikia. Aliingia ndani na nikasikia anafungua fundo moja, vyombo vinagongana, na nilipomwona tena alikuwa na beseni, kisu chake kidogo, na kipande cha erio, ile antena ya bomba, ya redio mbovu. Akanipita akaelekea ukutani. Baada ya hatua chache akageuka kuniangalia kama mtu anayeuliza kama nasubiri barua ya mwaliko.

Nikamfuata mbio.

Ile erio, jamani. Mimi nilikuwa nimepasua vikombe kwa kucha wiki nzima, natoa mbegu kikombe kwa kikombe, vinararuka. Yeye anakata kikombe shingoni, anasukuma erio kutoka chini, na tumba la mbegu linaruka nje lenyewe, kikombe kinabaki kizima kama kengele. Mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka nikaona wivu. Wanawake wa bombani wakaacha nguo zao kwenye povu wakaja na mabeseni yao, Neema akachukua upande wa pili wa ukuta, na mara tukawa tunazozana kuhusu nani anajaza upesi. Mama Neema alisimulia, bila kunitazama lakini kwangu mimi, kwamba bibi yake Uvira alikuwa anasokota kamba kwa maganda ya mashina, kamba za kufungia mbuzi, na kwamba kwenye mti huu kitu cha kutupa ni kivuli tu. Nilicheka zaidi ya ilivyostahili. Nilikuwa nimeikosa sauti hiyo.

Tulichemsha sufuria ya kwanza kwenye jiko la Nalongo, na tangawizi na sukari. Nalongo alikunywa bilauri mbili, akatangaza kwamba ni nzuri lakini angeweka nanasi. Wala hajaulizwa.

Hata hivyo saa zilikuwa zinakwenda. Saa sita. Saa saba. Kila nikinyanyua kichwa naona mafundo ya vitenge kupitia mlango wazi wa Mama Neema. Msamaha ni kitu kimoja, na chumba cha Mbuya ni kingine, nilijua. Mtu anaweza kukusamehe na bado akaondoka. Sikuwa na haki ya kumwomba akae. Nilimimina juisi kwenye dumu la lita tano, nikalifunga vizuri kwa safari.

Saa nane kasoro simu yake ililia. Mimi nilikuwa nasuuza sufuria bombani. Alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha lake mwenyewe, na jembe la Nalongo, mikono yote udongo, hata sikujua amelichukua saa ngapi. Alimwambia Neema apokee. Neema akasikiliza, akamwambia mama yake ni mtu wa pikapu, yuko njiani, anauliza kama wako tayari.

Mama Neema hakuacha kulima. Alisema amwambie leo hapana, na amwambie aksanti.

Niliweka sufuria chini. Nilimwendea, nikaona alikuwa ameyachagua yale matumba ya zamani yaliyokauka mtini, ameyavunja kwenye upindo wa kitenge chake, na anaweka mbegu tatu kwa kila shimo. Mashimo yamenyooka, kumi na mawili, kutoka mlango wake mpaka karibu na wangu. Mbegu hizi zinachukua miezi minne au mitano mpaka kuchanua. Nilitaka kumwuliza kuhusu Mbuya, nikafungua mdomo wangu huu usio na breki, na kwa mara ya kwanza maishani nikashindwa pa kuanzia.

Akanyoosha mkono wenye udongo kuelekea bombani bila kuinua kichwa.

"Lete mayi," akasema.

Nikaleta.